Suruali Ndefu Bwawani

Mume wangu alisema maneno yale akicheka, na kucheka kwake ndiko kulikoniudhi. Angeyasema kwa hasira ningeyapuuza, kwa sababu hasira za nyumbani kwetu zilikuwa zinapoa kabla ya chai kupoa. Lakini alicheka, mbele ya wenzake wawili wa kazini, gazeti la Jumapili mkononi, na mimi nimeinama nawajazia vikombe.

Tulikuwa tukikaa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Yeye alikuwa karani katika bohari ya mizigo, mimi nilikuwa mke wa karani. Tulikuwa na watoto wawili, na nilikuwa na jambo moja ambalo sikuliacha lilale: chuo cha wauguzi cha hospitali moja ya misheni, huko kwetu Ukambani, kilikuwa kimekubali kunichukua. Niliwahi kukubaliwa nikiwa msichana, nikashika mimba, nikaolewa, nafasi ikaenda. Sasa nilikuwa nimekubaliwa tena, na mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa mtu wa umri wangu. Mama yangu alikuwa radhi kukaa na watoto. Asiyetaka alikuwa mume wangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kukuta taa imewashwa akirudi.

Gazetini, klabu moja ya michezo upande ule wa mji wanakokaa matajiri ilikuwa imetangaza mashindano mapya, yaliyo wazi kwa yeyote. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia. Mafupi, liliandika gazeti, ya watu wa kawaida. Waliyaita traiathloni. Wale wageni wakalitamka neno hilo mara kadhaa, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja akasema wazungu wamekosa kazi ya kufanya. Mume wangu akasema yeye angeyamaliza na bado aende kazini.

"Hata mimi," nikasema.

"Wewe?" Akaligeuza gazeti, akanitazama kama aliyeambiwa jiko limezungumza. "Sikiliza, mama watoto. Ukinishinda kwenye hayo mashindano, funga sanduku uende chuo chako, mimi sitasema neno. Nikikushinda, habari ya chuo isisikike tena ndani ya nyumba hii."

"Sawa."

"Mmesikia wenyewe," akawaambia wenzake, bado anacheka.

Hapo ndipo mama yangu alipokohoa nyuma ya pazia.

Alikuwa amefika jana yake kutoka nyumbani kuwaona wajukuu, na mume wangu alikuwa amemsahau kabisa. Kwetu sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawagusani, hawakai wakitazamana uso kwa uso, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kuitunza heshima hiyo katika chumba kimoja cha Makongeni ilikuwa kazi kweli kweli, ndiyo maana ya lile pazia. Mume wangu akitaka kumwambia jambo alipitia kwangu: mwambie mama hivi, mwambie mama vile, ilhali mama anasikia kila kitu. Maneno uliyoyasema mbele ya marafiki unaweza kuyafuta kwa kicheko kingine. Maneno aliyoyasikia mama mkwe hayafutiki. Ukiyakana, umemvunjia heshima, na huna pa kuuweka uso.

Mgeni mmoja alikuwa mtu wa kwetu, naye akanyamaza papo hapo. Yule mwingine, wa Murang'a, aliendelea kucheka peke yake mpaka alipopigwa kiwiko.

"Na kuogelea je?" akauliza huyo wa Murang'a, ili kuvunja ukimya. "Unaweza?"

"Mimi nimekulia mtoni," akasema mume wangu.

Mto wa kwao nimeuona. Nilipoolewa nilikaa huko miezi kadhaa, na kila asubuhi nilikwenda mtoni na wanawake wenzangu nikiwa na kata na jembe, kwa sababu mto ule ni mchanga mtupu. Unachimba, unangoja, maji yanatoka chini taratibu, unateka. Mvua ikinyesha milimani, mto huja kwa siku mbili tatu, mwekundu, unabeba miti na ng'ombe, na hakuna mwenye akili anayekanyaga hata ukingo. Kisha unarudi kuwa mchanga. Mtu aliyekulia mto ule aweza kuwa hodari wa mambo mengi, lakini si wa kuogelea.

Niliendelea kumimina chai. Mume haumbuliwi mbele ya wageni, sembuse mama mkwe akiwa anasikia. Tena moyoni nilifurahi. Barabarani hakuna namna ningemweza; alikuwa akichezea timu ya mpira ya kazini kwao, pembeni kulia, miguu yake ilikuwa mirefu na haichoki. Njia yangu ya kwenda chuoni ilikuwa moja tu, na ilipita majini.

Nikaanza mazoezi wiki ileile. Kukimbia hakukuwa shida, kwa sababu asubuhi Jogoo Road ilijaa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu, na mwanamke anayekimbia kati yao anaonekana tu kama aliyechelewa kazini. Kuna waliokuwa wakinionea huruma. "Kimbia dada, lango halijafungwa," mzee mmoja aliniambia karibu kila siku, nami nikimjibu asante. Baiskeli ndiyo iliyoniletea vituko. Jirani yetu aliyekuwa akisambaza maziwa aliniazima yake jioni, ile nyeusi nzito ya chuma tuliyoiita mamba, na vijana waliokaa kwenye ukuta wa dukani hawakuniacha salama.

"Sasa mathe, na hiyo mamba inakupeleka wapi?"

"Kwa mama yako, nikamwambie hujui kusalimia."

Walicheka, na baada ya wiki mbili wakawa wananishikia baiskeli nipande. Nilivaa suruali ya zamani ya mume wangu niliyoikunja miguuni. Wake za watu walinitazama kutoka milangoni. Wengine waliona aibu kwa niaba yangu, nikawaachia waione wao.

Maji yalikuwa jambo jingine. Nilikuwa siwezi kuingiza uso kwenye karai bila kufumba macho na kusali. Jirani wa nyumba ya tatu, mama wa kutoka upande wa ziwa, aliyejifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, ndiye aliyenichukua. Ng'ambo ya Jogoo Road palikuwa na kituo cha vijana chenye bwawa dogo, na Jumamosi asubuhi waliwafungulia wanawake. Nilinunua vazi la kuogelea sokoni Gikomba, la mtumba, la kijani, limefifia sehemu ya kukalia. Siku ya kwanza nilishikilia ukingo mpaka vidole vikafa ganzi.

"Unapigana nayo," akaniambia. "Maji hayana ugomvi na wewe. Lala."

"Nikilala nitazama."

"Ukipigana ndipo utazama. Lala, nimekushika."

Alinishika Jumamosi nzima. Ya pili alinidanganya kwamba amenishika. Ya tatu nilikunywa maji mengi hata nikaona nyota, nikatoka, nikakaa kwenye saruji nikilia kwa hasira, kisha nikarudi. Ilipofika ya tano nikavuka bwawa lile upande hadi upande, kwa kelele na kwa fujo, lakini nikavuka. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina watoto wawili, na sikuwa nimewahi kujifunza kitu kwa ajili yangu mwenyewe tangu nilipoacha shule. Nilirudi nyumbani nikiimba nyimbo za kanisa.

Furaha hiyo haikukaa. Kadiri nilivyoyajua maji ndivyo nilivyoanza kuogopa, na sikujiogopea mimi. Sasa nilijua kinachompata mtu asiyejua: jinsi pua inavyojaa, jinsi miguu inavyotafuta chini na kuikosa, jinsi kichwa kinavyosahau kila kitu. Siku moja yule mama wa ziwa alinifundisha namna ya kumtoa mtu. "Anayezama si mtu tena," akaniambia. "Atakupanda kama ngazi, hata awe anakupenda vipi. Akikushika, wewe nenda chini. Atakuachia mwenyewe, yeye anataka juu. Ndipo umzunguke umshike kwa nyuma." Tulilifanya zoezi hilo mara nyingi, na kila mara alipokuwa akinipanda mabegani nilimwona mume wangu.

Yeye hakukanyaga bwawa lolote. Alikimbia jioni na wenzake wa timu, akaazima baiskeli nyepesi ya mbio, akaitia mafuta mpaka ikawa inanong'ona. Alinitania vizuri tu. "Wewe kambare," ndivyo alivyoniita. Nilimngoja siku mama alipokwenda kanisani na watoto, nikamkalia mbele.

"Baba watoto, ule mto wenu nimeuteka maji kwa kata."

"Hukuuona wakati wa mvua."

"Wakati wa mvua hakuna anayeuingia. Nenda bwawani mara moja tu, ujaribu. Nitakupeleka mwenyewe."

"Unataka nini? Nikubali nimeshindwa kabla ya kuanza?"

"Nataka usife."

Akacheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. Nikamwambia basi tuache. Tuseme mtoto ameugua, tuseme lolote. Halikuwa neno jepesi, maana kuacha kulikuwa ni kukizika chuo, na mwaka haungerudi. Nililisema hata hivyo.

"Mama alisikia," akasema. Akainuka, akaenda kuipangusa ile baiskeli ambayo haikuwa na vumbi.

Nilimkasirikia mno. Nilimwona mpumbavu, na wakati huohuo nilimwelewa, na sijui ni lipi lililonichosha zaidi. Aliinua ulimi mbele ya watu, ulimi ukamfunga, na sasa alikuwa tayari kwenda nao mpaka chini ya maji.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, mwezi wa saba, mawingu yamekaa chini na manyunyu hayaamui kuwa mvua. Klabu ilikuwa na nyasi zilizokatwa kama zulia na bwawa lenye urefu mara mbili ya lile letu. Washindani wengi walikuwa wazungu na Wahindi, na vijana wachache wa vyuo. Mama alikuja nasi. Watoto walihitaji mtu, na hata wasingehitaji angekuja. Alikaa kwenye benchi karibu na ua, leso mbili mabegani, mjukuu mmoja kila upande, akiwa hamtazami mtu. Aliponiona nimetoka na lile vazi la kijani, mapaja nje, aliinuka, akanivisha leso moja kiunoni bila neno, akarudi kukaa.

Kisha mume wangu akatoka.

Alikuwa amevaa suruali yake ya kazini, ya kaki, ndefu hadi kwenye kifundo cha mguu, mkanda umefungwa. Juu alivaa shati, vifungo vyote mahali pake. Watu waligeuka. Mzungu mmoja wa klabu akamfuata, akamwonyesha kaptura, akamwonyesha chumba cha kubadilishia. Mume wangu alitikisa kichwa. Mwenye filimbi, mtu wa makamo ambaye kwa matamshi nilimjua ni wa kwetu, akasogea akauliza kulikoni.

"Mama mkwe wangu yuko pale," mume wangu akasema.

Yule mtu akatazama benchi, akamtazama tena, akashusha pumzi. Akamweleza yule mzungu jambo kwa Kiingereza, sijui alilielezaje. Mzungu akainua mabega akaenda zake.

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeyaoga bila kuyavulia nguo. Nilikwenda kwa mama mbio, nikapiga magoti mbele yake. Sikuhitaji kueleza. Aliwaambia watoto wakae vilevile, akainuka, akaligeuza benchi, akakaa akiwa amelipa bwawa mgongo, uso umeelekea ua. Sijui kama kuna mama mkwe mwingine aliyewahi kufanya hivyo mbele ya watu wote wale. Nikarudi mbio kwa mume wangu.

"Amegeuka. Vua."

"Amegeuka kwa sababu anajua navua. Ina tofauti gani na kuniona?"

"Vua suruali, baba watoto. Itakuvuta chini."

"Nenda ukasimame mahali pako," akasema polepole, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nadhani kufikia hapo hata yeye aliuona ule mto wake wa mchanga. Lakini filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwa mtu, na watu walikuwa wamejipanga ukingoni, upande wa kina kirefu, naye akaenda akajipanga nao.

Filimbi ikalia. Nikaitupa leso, nikaruka.

Maji yalikuwa baridi hata pumzi ikakataa kuja. Nikakumbuka kulala. Nikalala, nikapiga mikono, na nilipogeuza uso kuvuta hewa niliitafuta miguu ya suruali ya kaki ukingoni. Ilikuwa bado ipo pale. Kila mtu ameruka, yeye amesimama. Nikamshukuru Mungu. Nikasema moyoni, simama hapohapo, aibu haiui. Nikapiga mikono tena, nikageuza uso, na ukingo ulikuwa mtupu.

Sikusikia kelele, masikio yalikuwa majini. Nilisimamisha mikono katikati ya bwawa nikageuka. Kulikuwa na rangi ya kaki chini ya uso wa maji, inapanda, inashuka. Kichwa kilitokea mara moja, mdomo wazi, hakikusema kitu, kikarudi chini. Mlinzi wa bwawa alikuwa upande ule mwingine, akimwelekeza mtu aliyegongana na mwenzake, mgongo kwetu. Mbele yangu wenzangu walikuwa wakienda. Sikufikiri kitu. Watu wameniuliza mara nyingi nilifikiri nini, nami nawajibu ukweli: nilirudi kama mtu anavyorudisha mkono kutoka kwenye moto.

Nilipomfikia alinishika. Nguvu zile sijawahi kuziona kwa mtu. Alinipanda, goti tumboni, mkono shingoni, na maji yakanijaa kichwani. Nikaenda chini. Kila kitu mwilini mwangu kilinikatalia na bado nikaenda chini, na chini huko akaniachia. Nikazunguka nyuma. Shati lile la aibu lilikuwa na faida moja, lilikuwa na kola. Nikaikamata kola kwa mkono mmoja, nikapiga maji kwa ule mwingine, suruali ikituvuta sote wawili, mpaka fimbo ndefu ya mlinzi ikafika mbele ya uso wangu.

Walimtoa, wakamlaza kwenye saruji. Hakuwa anapumua. Mlinzi akamgeuza ubavu, akamsukuma mgongoni, mara moja, mara ya pili. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake nikisema baba watoto, baba watoto, na hakuna jina jingine lililonijia. Kisha akatapika. Maji yakatoka mdomoni na puani, akavuta hewa kwa sauti mbaya sana, akatapika tena.

Mama yangu alifika wakati huo. Aliwaacha watoto na mwanamke mmoja wa Kihindi aliyekuwa karibu, akaja mbio, mwanamke wa umri wake, viatu mkononi. Hakupepesa macho. Alikaa kwenye ile saruji yenye maji, akakishika kichwa cha mkwe wake kwa mikono yake miwili, akakiweka mapajani, akampangusa matapishi kwa leso. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewaona hata wakipeana mkono.

"Anapumua," mama akaniambia.

Yule mwenye filimbi akainama. "Mama, wewe unaacha au unaendelea?"

Nilimtazama mume wangu. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama mimi. Mdomo ulikuwa na kazi moja tu, ya kutoa maji. Nikamtazama mama, yeye alikuwa anakitazama kile kichwa. Nikajua kwamba yuko hai, kwamba amekaa mikononi mwa mtu asiyeweza kumwacha, na kwamba nikikaa pale nitakaa Makongeni maisha yangu yote. Makubaliano yalikuwa ya kumshinda, na kumshinda ni kumaliza. Nisipomaliza, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Nikarudi majini.

Sikumbuki vizuri nilivyouvuka ule urefu uliobaki. Nakumbuka nilikuwa peke yangu bwawani. Nakumbuka mamba ya mwenye maziwa, baridi ya chuma chake, na barabara iliyopita chini ya miti mirefu ambako hakuna aliyenizomea wala kunishangilia. Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Je, kama angezidiwa tena? Nilikuwa nimesikia watu hutolewa majini wakaongea vizuri, kisha wakafa jioni. Kila kona nilijiambia hii ndiyo ya kugeukia, na kila kona nilikanyaga. Nililia nikiendesha. Nilikuwa na hasira naye kwa ile suruali, na hasira na mimi kwa kuendelea, na sikupunguza mwendo. Katika kukimbia, miguu haikuwa yangu tena. Nilipofika mwisho walikuwa wanakunja kamba, na mtu mmoja akaishusha aliyokuwa akiikunja ili nipite. Nilipita nikaenda moja kwa moja kwenye benchi. Mume wangu alikuwa amekaa, amefunikwa blanketi la watu, kikombe cha chai mikononi. Mama alikuwa amesharudi upande wake, ameangalia ua.

Jioni ile habari ilikuwa imeshatutangulia Makongeni. Mtaa wa reli haukuwa na haja ya simu. Kaka yake mkubwa, mchonga vinyago aliyekuwa akikaa Majengo, alikuja kabla jua halijatua, hakuketi hata baada ya kukaribishwa mara mbili. Mume wangu alikuwa kitini, amejifunika, sauti imemwisha. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumpa pole. Mama alikuwa nje mlangoni, anapepea jiko la uji.

"Nimesikia mambo ambayo sijayasikia tangu nizaliwe," shemeji akasema. "Mke anamwacha mumewe chini, anatapika maji, nusu maiti, yeye anapanda baiskeli."

"Nilimtoa mimi, shemeji."

"Ukamtoa ukamwacha. Anaachwa mikononi mwa mama mkwe, jambo ambalo sasa tutatafuta mbuzi wa kulisafisha." Akawageukia majirani. "Huo ubishi wao wa chuo, mimi kama mkubwa nasema umekufa leo pale pale. Mwanamke aliyefanya hivyo hawezi kuja kudai ameshinda."

Majirani walitazama chini. Kwa desturi, mkubwa akisema hivyo, mdogo hukubali, na mume wangu alikuwa na kila sababu ya kukubali. Alikuwa amepata mlango wa kutokea bila kuvunja neno lake mwenyewe, na aliyemfungulia ni ndugu yake. Nilisimama pale na mikono yangu miwili mitupu. Nilihisi chuo kikiondoka, safari hii bila hata mtu kunicheka.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," mume wangu akasema.

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, na ilibidi kaka yake ainame.

"Nini?"

"Nilimwambia aende. Amalize."

"Ulimwambia kwa mdomo gani? Watu wanasema ulikuwa unatapika tu, hukutoa hata neno."

Mume wangu alikohoa tu. Alikuwa amemaliza sauti aliyokuwa nayo. Kaka yake akanyoosha mgongo, na nikaona anafungua mdomo ili kulifunga jambo.

"Nilimsikia," akasema mama yangu kutoka mlangoni.

Hakugeuka. Aliendelea kupepea jiko. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kanisa, wa mstari wa mbele, aliyetuchapa utotoni kwa uongo mdogo kuliko punje ya mtama. Kichwa kile kilikuwa mapajani mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kungekuwa na neno, yeye ndiye angelisikia, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumbishia. Shemeji alisimama kidogo, kisha akakubali kiti, na habari ya chuo hakuirudia.

Kesho yake, mama na watoto walipokuwa bado wamelala, nilimpelekea mume wangu maji ya kunawa nje. Sauti ilikuwa imeanza kurudi. Nilisubiri anawe uso, nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Baba watoto, jana hukuniambia niende."

Alijipangusa taratibu, akaitundika taulo kwenye kamba.

"Sikuwa na pumzi," akasema. "Ningekuwa nayo, ningekuambia ubaki."

Kisha akaingia ndani, akavaa koti, akaenda kazini.